Cheni ya nyumba nne, tarehe nne: nani ampishe mwenzake?

Washauri wapendwa,

Nawaandikia kutoka Leicester, Uingereza. Mimi na baba watoto tunauza nyumba yetu ndogo kwa pauni 210,000 na kununua ya vyumba vitatu Oadby kwa pauni 310,000. Tuko katikati ya cheni. Wanaonunua kwetu ni vijana wawili, mtu na mkewe, ambao sasa wamepanga. Hii ndiyo nyumba yao ya kwanza. Wanaotuuzia ni wazee wasio na mkopo, wanahamia nyumba isiyo na ngazi kwenye pwani ya Lincolnshire. Anayewauzia hao wazee ni mama mjane anayenunua nyumba mpya kutoka kwa kampuni ya ujenzi, na nyumba hiyo bado inamaliziwa.

Kila mmoja ana tarehe yake. Sisi tunataka Ijumaa tarehe 31 Julai, ili watoto wapate shule ya huko kabla ya Septemba, tena ofa yetu ya mkopo inakwisha 21 Agosti. Vijana wanasema si kabla ya Ijumaa tarehe 28 Agosti, kwa sababu kodi yao ya pauni 950 kwa mwezi inakwenda hadi tarehe 31 na hawana uwezo wa kulipia sehemu mbili. Wazee wanasema katikati ya Agosti, Mungu akipenda. Mama mjane anasema mwisho wa Agosti, labda. Ajenti ananipigia kila siku. Sasa anataka wote tukubali Ijumaa tarehe 7 Agosti, la sivyo, anasema, cheni itavunjika. Wakili wangu hujibu mstari mmoja tu: tunasubiri upande wa pili.

Baba watoto anataka tuwaambie wazee ni 31 Julai au tunaondoka. Mimi naogopa, maana tumeshatumia zaidi ya pauni 2,000 kwa ukaguzi wa nyumba, upekuzi wa kumbukumbu na wakili. Ajenti ametaja pia kubadilishana mikataba na kuhama siku hiyohiyo. Dada yangu wa Aberdeen, Scotland, naye anasema tarehe ikishakubaliwa kwa barua inafunga, kwa hiyo anayekataa ashitakiwe. Tufuate lipi? Na tukikubaliana tarehe halafu mmoja akashindwa, nani analipa? La mwisho, sijui hata kama linahusika: pauni 8,000 za kujazia zinatoka kwenye upatu wa akina mama wa hapa, na zamu yangu ni mwezi huu wa Julai.

Mama Wawili, Leicester

MAJIBU

Mama Wawili, pokea salamu zetu.

Leo hii hakuna tarehe yoyote. Kwa England na Wales, tarehe ya kukamilisha, yaani siku ya kulipa pesa zote na kukabidhiwa funguo, huzaliwa siku mikataba inapobadilishwa, pale mawakili wanapothibitishiana kwa simu kwamba mikataba iliyosainiwa imeanza kufunga. Kabla ya hapo, 31 Julai, 7 Agosti na 28 Agosti zote ni maombi. Mtu anaweza kugeuza neno lake kesho asubuhi na asidaiwe hata senti. Dada yako hakukosea kuhusu Scotland, ambako mawakili huandikiana barua mpaka mkataba unafunga, lakini sheria hiyo inaishia mpakani. Hakuna wa kumshitaki Leicester.

Kwa hiyo mabishano yote yamalizike sasa, wakati kubadili tarehe hakuna gharama. Mikataba ikishabadilishwa, kila siku ya kuchelewa ina bei. Usikubali kubadilishana mikataba kwa tarehe ambayo unajua mmoja wenu hataifikia, kwa ahadi kwamba mtarekebisha mbele ya safari.

Sasa turudi kwenye zile tarehe nne. Usibishane na tarehe ya mtu kabla hujajua kinachoishikilia. Vijana wameshikwa na kodi, yaani pesa, tena si nyingi. Wazee wameshikwa na mama mjane. Mama mjane ameshikwa na mafundi. Ninyi mmeshikwa na shule na ofa ya mkopo, na tutaanza na ninyi.

Oadby haiko chini ya jiji la Leicester. Iko chini ya halmashauri ya kaunti ya Leicestershire, na maombi ya kuhamisha mtoto yanapitia huko. Halmashauri nyingi za England hukubali mikataba iliyobadilishwa kama ushahidi wa anwani mpya, hata kabla familia haijahamia. Soma masharti yao au wapigie simu uhakikishe. Wakikubali, mnachohitaji mapema ni mikataba kubadilishwa. Funguo zinaweza kuja baadaye. Kutoka mjini hadi Oadby ni maili chache, na kuwapeleka watoto kwa gari wiki moja mbili za mwanzo wa Septemba kunavumilika. Kwa hiyo 31 Julai si tarehe ya kufa na kupona. Mkiiachia kwa hiari, mnapata nguvu ya kuwaomba wengine nao walegeze.

Ofa ya mkopo ndiyo inayotutia wasiwasi. Wengi huhesabu kwamba ofa inakwisha tarehe 21, basi tukikamilisha tarehe 20 tuko salama. Hamko salama hata kidogo. Mikataba mingi ya nyumba za kuishi England hujengwa juu ya Masharti Sanifu ya Mauzo, toleo la tano. Masharti hayo yanasema saa ya mwisho ya siku ya kukamilisha ikipita bila kukamilika, upande ulio tayari unaweza kutoa notisi ya kukamilisha ya siku 10 za kazi, bila kuhesabu siku yenyewe ya notisi. Tuseme tarehe ni Jumatano 12 Agosti, na pesa za vijana zikakwama siku hiyo. Notisi ikitolewa papo hapo, siku 10 za kazi zinafika Jumatano 26 Agosti. Ofa yako itakuwa imekufa siku tano kabla. Vijana wanaweza kulipa tarehe 25, ndani ya muda wao kabisa, na wewe ukawa huna mkopo wa kununulia kwa wazee, huku mkataba umeshakufunga.

Ofa lazima iishi hadi kupita mwisho wa notisi inayoweza kutolewa. Kesho mpigie wakala wako wa mikopo au benki yenyewe, uombe muda uongezwe hadi mwisho wa Septemba. Watataka hati mpya za mshahara, watatazama tena rekodi yako ya madeni, na pengine wataagiza tathmini nyingine. Kuna benki huongeza muda kwa riba ileile, na kuna zinazotoa ofa mpya kwa riba ya siku hiyo. Jibu lije kwa maandishi kabla hujasaini tarehe yoyote. Katika wiki hizi usinunue gari kwa mkopo wala usifungue kadi mpya ya duka.

Tupande sasa hadi juu ya cheni, kwa sababu huko ndiko tarehe inakokwamia. Nyumba mpya huuzwa kwa mkataba wa kukamilisha kwa notisi. Kampuni haiweki siku. Inasema nyumba ikishaisha na kukaguliwa, itampa mnunuzi notisi, aghalabu ya siku 10 za kazi, naye akamilishe. Kunakuwa pia na tarehe ya ukomo, ambayo ikipita nyumba haijawa tayari mnunuzi anaruhusiwa kujitoa. Mama mjane anaposema labda, hana ukaidi wowote. Anasema ukweli ulio kwenye mkataba wake. Kuwabana wazee, kama anavyotaka baba watoto, ni kuwabana watu wasioshika kitu chochote.

Mnachohitaji kutoka kwake ni haya. Je, ameshabadilishana mikataba na kampuni, au bado? Nyumba imefikia wapi: inasubiri rangi, inasubiri umeme na maji kuunganishwa, au inasubiri ukaguzi wa mwisho wa bima ya jengo? Notisi ni siku ngapi, na tarehe ya ukomo ni ipi? Na je, anaweza kutoka mapema akakaa kwa mwanawe au kwenye nyumba ya kupanga kwa wiki chache, vyombo vikiwa ghalani? Wakili wako hawezi kuuliza hayo moja kwa moja. Yeye huongea na wakili wa wazee na wakili wa vijana tu, ndiyo maana anasubiri upande wa pili. Anayeweza kupiga simu kutoka chini hadi juu ni ajenti, na kwenye ofisi nyingi yupo mtu ambaye kazi yake ni kufuatilia mauzo baada ya ofa ya kununua kukubaliwa. Mtafute huyo.

Mwandikie kwa Kiingereza, yaliyomo yawe haya:

"Tunaweza kubadilishana mikataba wiki ya mwisho ya Julai. Benki ikituongezea muda wa ofa, tunaweza kukamilisha Jumatano 12 Agosti au Jumatano 9 Septemba. Hatuchukui Ijumaa, wala siku yoyote kati ya 28 Agosti na 1 Septemba. Tafadhali muulize kila mmoja kwenye cheni tarehe mbili anazoziweza na sababu ya kukataa nyingine, pamoja na hali ya nyumba mpya ya juu na tarehe yake ya ukomo. Tuko tayari kuchangia gharama ya atakayetoka mapema. Tunaomba majibu kabla ya saa 11 jioni Ijumaa hii."

Utaona tumekataa Ijumaa, hata ile ya ajenti. Tueleze kwa nini, kwa sababu wengi huipenda wapate wikendi ya kupanga vyombo. Siku ya kukamilisha, pesa hupanda kutoka chini. Benki ya vijana hutuma mkopo kwa wakili wao, mara nyingi siku moja kabla. Saa 3 au saa 4 asubuhi wakili huyo anatuma pauni 189,000, yaani bei kasoro amana ya asilimia 10, kwa wakili wako kwa njia ya CHAPS, mfumo wa benki wa kutuma pesa nyingi siku hiyohiyo. Wakili wako hawezi kuigusa mpaka aione kwenye akaunti. Akiiona, anatoa deni la mkopo wenu wa zamani, anaongeza mkopo mpya na pesa zenu, na kutuma kwa wakili wa wazee. Huyo naye anasubiri, anatuma juu. Kila hatua inaweza kula saa nzima au zaidi, hata kama hakuna aliyelala kazini. Masharti Sanifu yanasema pesa zikifika baada ya saa 8 mchana, kwa hesabu ya fidia zinahesabiwa zimefika siku ya kazi inayofuata. Mikataba ya cheni mara nyingi hurudisha saa hiyo hadi saa 6 au saa 7 mchana. Wakati huo malori mawili matatu yamejaa vyombo na yamesimama barabarani.

Mambo yakikwama Jumatano, mnamaliza Alhamisi asubuhi. Yakikwama Ijumaa, CHAPS haifanyi kazi Jumamosi wala Jumapili, kwa hiyo ni hadi Jumatatu. Na ile 28 Agosti ya vijana ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu Jumatatu 31 Agosti ni sikukuu ya benki. Kukwama siku hiyo ni kusubiri hadi Jumanne 1 Septemba: usiku nne, lori limejaa, watoto hotelini. Hata mitambo ya Benki Kuu ya Uingereza iliwahi kukwama kwa saa nyingi tarehe 20 Oktoba 2014 na kuwachelewesha watu waliokuwa wanakamilisha nyumba. Ilikuwa Jumatatu, nafuu yao.

Turudi kwa vijana. Pauni 950 kwa mwezi ni kama pauni 31 kwa siku. Kukamilisha 12 Agosti badala ya kungoja tarehe 31 kunawapotezea siku 19 za kodi, yaani pauni 590 hivi. Siyo hasara tupu, kwa sababu kila anayehamia nyumba ya kwanza anahitaji siku kadhaa za kupaka rangi na kusafisha kabla ya kuleta kitanda. Pauni 300 au 400 za kuwafidia zinaweza kufungua kitu ambacho ajenti amekipigia simu mwezi mzima. Fanyeni hivyohivyo juu: ghala na kodi ya wiki chache za mama mjane zikifika, tuseme, pauni 1,600, wanne mkigawana ni pauni 400 kila mmoja, na hakuna nyumba kwenye cheni ambayo ingeanza upya kwa pesa hiyo. Kampuni ya ujenzi nayo iombwe. Inataka mteja wake asipotee, na mama mjane ana haki ya kuuliza kama watamlipia ghala.

Lakini pesa hizo zisipite mkono kwa mkono. Mwambie wakili wako, ziandikwe, na benki za wahusika zijulishwe, kwa sababu punguzo au malipo yoyote kati ya muuzaji na mnunuzi hugusa bei ambayo benki imeikubali. Kuficha kunaweza kusimamisha mkopo siku chache kabla ya kuhama. Na vijana waambiwe na wakili wao wasitoe notisi ya kuhama kwa mwenye nyumba mpaka mikataba ibadilishwe. Wakitoa mapema na cheni ikachelewa, watakuwa watu wasio na pa kulala, na hofu ya namna hiyo ndiyo huwafanya wanunuzi wajitoe.

Umeuliza nani analipa mmoja akishindwa. Kila mkataba unasimama peke yake. Wazee hawana mkataba na vijana. Wana mkataba na wewe. Pesa za vijana zikichelewa, wewe ndiye uliyechelewa mbele ya wazee, hata kama ulikuwa umekaa juu ya maboksi tangu alfajiri. Fidia hupigwa kwa riba iliyoandikwa kwenye mkataba, mara nyingi ile ya Law Society, chama cha mawakili, ambayo ni asilimia 4 juu ya riba ya msingi ya benki ya Barclays. Riba ya msingi ikiwa 4, inakuwa asilimia 8. Unanunua kwa 310,000, umelipa amana ya 31,000, imebaki 279,000. Asilimia 8 ya hiyo kwa mwaka ni pauni 22,320, sawa na pauni 61 kwa siku. Kwa vijana, wanaobakiza 189,000, ni kama pauni 41 kwa siku. Tazama pengo hilo: wewe unadaiwa 61 juu na kudai 41 chini, kwa kosa ambalo si lako. Kudai zaidi ya riba kunawezekana, lakini lazima uthibitishe hasara kwa risiti, kwa hiyo tunza kila karatasi ya lori, hoteli na ghala. Notisi ya siku 10 ikiisha na mnunuzi hajalipa, muuzaji anaweza kuvunja mkataba, kuchukua amana na kuuza kwa mwingine. Akishindwa muuzaji, mnunuzi anaweza kuvunja na kurudishiwa amana yake na riba, na kudai hasara.

Muombe wakili akusomee masharti maalumu yaliyoongezwa kwenye mikataba yako yote miwili. Baadhi ya mawakili huongeza ada ya kuandaa notisi au riba ya juu zaidi. Riba na saa ya mwisho ya pesa ziwe sawa kwenye cheni nzima. Ukiwa umeahidi kwa wazee saa 6 mchana na vijana wamekuahidi saa 8, umejitengenezea deni kabla siku haijafika.

Kuhusu kubadilishana mikataba na kuhama siku hiyohiyo: hapana, si kwenye cheni ya nyumba nne. Hadi asubuhi hiyo hakuna aliyefungwa. Mtu anaweza kuomba bei ipunguzwe pauni 5,000 wakati lori lako limejaa, na utakuwa huna la kufanya. Benki zenu zitakuwa zimeshatuma pesa na kuanza kuhesabu riba. Mambo yakivunjika zinarudishwa na kuombwa upya. Acheni angalau siku saba za kazi kati ya kubadilishana na kukamilisha, kwa sababu benki nyingi hutaka siku tano za kazi baada ya wakili kuomba mkopo. Wiki mbili ni bora.

Mtashawishiwa pia na njia nyingine mbili. Kuchukua mkopo wa muda mfupi, mnunue kabla ya kuuza, kutawafanya muwe na nyumba mbili siku ya kukamilisha. Kodi ya ununuzi kwa pauni 310,000 ni 5,500. Ukiwa na nyumba nyingine inaongezeka asilimia 5 ya bei yote, pauni 15,500, jumla 21,000. Nyongeza hiyo hurudishwa mkiuza ile ya zamani ndani ya miaka 3, lakini lazima muitoe kwanza, na riba ya mkopo wenyewe ni kali. Kwa ugomvi wa wiki nne haifai. Kuhamia Oadby mapema kwa ruhusa ya wazee kabla ya kukamilisha nako tungekukataza: mtakuwa mnakaa kwa kibali kinachoweza kuondolewa, mkibeba bili na bima ya nyumba ya mtu. Kuweka maboksi kwenye gereji yao baada ya mikataba kubadilishwa, kwa barua ya mawakili, hilo sawa.

Na baba watoto tunamwelewa, amechoka. Lakini tishio la kujitoa litumike mara moja tu, mkiwa mmekaa mkaamua kweli kuondoka na kuziacha zile pauni 2,000. Mkitishia halafu mkabaki, ajenti hatawasikiliza tena.

Siku ya kubadilishana yenyewe mawakili wa cheni hutumia utaratibu wa simu unaoitwa Fomula C. Wakili wa vijana anamwachia wakili wako ruhusa hadi saa fulani, tuseme saa 11 jioni. Wako anampa wa wazee, huyo anampa wa mama mjane. Wa juu akithibitisha, jibu linashuka na wote mnafungwa. Mmoja akiwa mahakamani au simu yake imezimwa hadi saa ikapita, ruhusa zote zimekufa na kesho mnaanza upya. Kwa hiyo siku hiyo simu iwe mkononi, na mikataba iwe imesainiwa bila kuandikwa tarehe. Bima ya jengo la Oadby ianze siku hiyohiyo, kwa sababu chini ya Masharti Sanifu hatari ya nyumba inahamia kwa mnunuzi tangu mikataba inapobadilishwa. Watu wa lori uwashikie nafasi kwa maneno tu kabla ya hapo, usilipe pesa isiyorudi. Uliza kama wanauza kinga ya kuahirishwa na inagharimu kiasi gani. Ukipata barua pepe wiki hiyo ikisema akaunti ya wakili imebadilika, usitume kitu. Mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, kwa sababu matapeli huvizia wiki hiyo hasa.

Sasa upatu. Umesema hujui kama unahusika, na kwa maoni yetu unaweza kuwa ndio utakaowafanya ninyi kuwa wachelewaji. Amana ya vijana, pauni 21,000, inaruhusiwa kupanda kwenye amana yenu. Yenu ni 31,000. Pengo ni 10,000, na 8,000 kati yake ndiyo zamu yako ya Julai. Wazee wanaweza kukubali amana pungufu, jambo la kawaida kwenye cheni, ila mkishindwa kukamilisha na mkapewa notisi mtatakiwa kujazia hadi asilimia 10 papo hapo. Na wakili hataruhusu pesa iingie kabla ya kujua ilikotoka. Sheria ya kuzuia utakatishaji wa pesa inamtaka aulize. Akiona wanawake 16 wamekutumia pauni 500 kila mmoja ndani ya wiki moja, atasimamisha kila kitu.

Mwambie wiki hii, kabla pesa haijaingia. Mpelekee barua fupi ya mweka hazina inayoeleza upatu unavyokwenda, majina na zamu zote, na taarifa zako za benki zinazoonyesha michango yako ya kila mwezi. Kuna jambo moja ataliangalia zaidi: zamu yako ni ya ngapi. Kama uko mwishoni, umeshachanga karibu yote na hiyo ni akiba yako mwenyewe. Kama uko mwanzoni, bado una miezi mingi ya kuchanga, na benki inaweza kuihesabu kama deni na kupima upya uwezo wako wa kulipa mkopo. Ikiwa ni hivyo, kuomba kubadilishana zamu na mwenzako wa mwishoni hakutasaidia Julai hii. Afadhali mzungumze na wazee wakubali amana ya 23,000 sasa, na mtafute hizo 8,000 za kukamilishia kwenye akiba nyingine au zawadi ya ndugu yenye barua inayosema hairudishwi. Zikitoka Mombasa au Dar es Salaam, zitumwe mapema pamoja na taarifa za benki za anayetuma, maana naye ataulizwa maswali yaleyale.